Jenereta inanitekenya nikigusa friza: ethi rodi inatosha? Na mzigo wa duka naukadiriaje?

Mama Pweza

Habari za jioni wakuu. Nina duka la samaki na vinywaji baridi huku Mkuranga. Umeme ukikatika samaki hawana subira, kwa hiyo nimenunua jenereta ya petroli. Kwenye kibati chake kuna namba mbili: 2.8 kVA ndiyo ya juu kabisa, na 2.5 kVA ndiyo ya kufanya kazi mfululizo. Naiweka nje, nyuma ya duka, halafu natoa ekstensheni mpaka ndani.

Nina shida mbili. Ya kwanza, jenereta ikiwaka, nikigusa mlango wa friza bila kandambili nasikia kama vijisindano mkononi. Umeme wa TANESCO ukiwepo, friza hiyohiyo imechomekwa ukutani, haina neno. Kijana wa duka la vifaa ameniambia nichimbie ethi rodi, ile nondo ya kuzamisha ardhini, niifunge kwenye fremu ya jenereta, mambo yaishe.

Ya pili ni pampu ya kisima ya hp 1. Nikiiwasha jenereta inakoroma, taa zinafifia, pampu inavuma tu wala haizunguki. Aliyeniuzia aliniambia inabeba vitu vyote vya nyumbani.

Vitu vyangu: friza moja, friji ya vinywaji yenye mlango wa kioo, feni, taa sita za LED, TV na king'amuzi chake, chaja za simu za wateja, na hiyo pampu. Nawasilisha.

Jirani Mbishi

Mama, kijana kakwambia sawa. Chimbia nondo futi nne, mwagia maji ya chumvi, tia na mkaa. Sisi huku tumefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa.

Fundi Koleo

Dada Mama Pweza, usichimbe chochote kwanza, na mpaka tumalize hapa usiguse friza hiyo peku.

Hiyo ekstensheni uliinunua imefungwa kiwandani au ulitengenezewa? Plagi kuwa na miguu mitatu si ushahidi. Fungua plagi yake uhesabu nyaya zilizofika ndani.

Halafu azima multimita. Jenereta ikiwa imezimwa kabisa na hakuna kilichochomekwa, weka mshale kwenye ohm. Chukua plagi tupu, uiache wazi, uichomeke kwenye soketi ya jenereta ili upime kwenye skrubu zake. Pima ethi na bolti ya fremu. Pima nyutro (njia ya kurudisha umeme) na fremu. Pima laivu (njia ya kuleta umeme) na fremu. Niletee namba tatu.

Mama Pweza

Fundi, nilitengenezewa. Nimefungua, kuna nyaya mbili tu, wa kahawia na wa buluu. Ule mguu mrefu hauna kitu.

Mpwa wangu amepima: ethi na fremu 0.3. Nyutro na fremu inaandika OL. Laivu na fremu OL pia.

Fundi Koleo

Basi ugonjwa umeonekana. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu swali hili linarudi kila mwaka na majibu ni yaleyale ya chumvi na mkaa.

Kwanza, OL (kipimo hakijaona njia yoyote) kati ya nyutro na fremu maana yake jenereta yako nyutro yake inaelea. Waindingi, yaani koili ya shaba inayotoa umeme, haijafungwa popote kwenye chuma cha mashine. Jenereta nyingi ndogo zinatoka kiwandani hivyo, si ubovu. Kifaa kimoja ukikichomeka moja kwa moja, laivu ikagusa bodi, umeme hauna njia ya kurudi kwenye waindingi, kwa hiyo unakuwa salama kiasi. Tatizo la mpangilio huu ni kwamba hitilafu ya kwanza haipigi kelele. Breka haishtuki, taa hazizimi, unaendelea na biashara. Ikija ya pili, kwenye kifaa kingine na kwenye waya ule mwingine, aliyeshika vifaa hivyo viwili kwa pamoja anapata volti 230 kati ya mikono yake.

Pili, friza yako ina bodi ya chuma, na bodi hiyo ilitakiwa iungane na fremu ya jenereta kupitia waya wa njano-kijani. Waya huo kwenye ekstensheni yako haupo. Bodi inabaki hewani, inabeba umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye kompresa na vichujio vya vifaa. Wewe umesimama peku kwenye sakafu, na jenereta imekaa na miguu yake kwenye mchanga. Mkondo mdogo unapita kwako kwenda kule. Ndiyo hivyo vijisindano.

Sasa angalia ushauri wa nondo. Tuseme umeichimbia na kuifunga kwenye fremu, bila kubadilisha ekstensheni. Friza haijapata chochote, kwa sababu hakuna waya unaoiunganisha na hiyo fremu. Ulichofanya ni kuipa jenereta mguu mzuri zaidi ardhini. Siku laivu ikigusa bodi ya friza, na mtu mwingine akawa ameshafunga nyutro kwenye fremu kwa ushauri wa mtandaoni, umeme utatoka kwenye friza, utapita mwilini mwako, utaingia ardhini na kupanda kwenye nondo. Utakuwa umeujengea daraja.

Kwa hiyo kazi ya leo ni moja: nunua waya wa nyuzi tatu, milimita za mraba 2.5, wa kunyumbulika, uliovikwa mpira. Njano-kijani ifungwe mguu mrefu huku na huku. Ile ya nyaya mbili ikate vipande ili asiirithi mtu.

Jirani Mbishi

Kwa hiyo ethi rodi haina kazi? Mbona minara ya simu inazo na kila nyumba ina moja pale nje?

Fundi Koleo

Ina kazi, lakini si ile watu wanayoipa. Tufanye hesabu. Rodi ya mita 1.5, unene wa milimita 16, kwenye udongo wenye unyevu mzuri inakupa kama ohm 60. Gawa 230 kwa 60, unapata ampea zisizofika 4. Breka ya jenereta ni ampea 10 au zaidi. Itakaa imewaka hivyohivyo huku bodi ina umeme. Na huo ni udongo wa bustani. Mchanga mkavu wa Mkuranga unaweza kuzidisha upinzani huo mara kumi, hapo umebaki na sehemu ndogo ya ampea moja. Maji ya chumvi yanasaidia mpaka mvua iyaoshe, huku chumvi yenyewe inakula shaba.

Kinachoshtua breka ni njia ya chuma kwa chuma: bodi ya kifaa, waya wa njano-kijani, fremu, kisha nyutro iliyofungwa kwenye fremu hiyo. Upinzani wake uko chini ya ohm moja, mkondo unakuwa mkubwa, breka inaanguka palepale. Hata kanuni za usalama kazini za Marekani, OSHA, hazikulazimishi kuchimba rodi kama jenereta inalisha vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi zake tu, mradi bodi za vifaa na ethi ya soketi zimeungana na fremu.

Rodi inaanza kuwa ya lazima unapolisha nyumba au duka zima kupitia wayaringi ya ukutani. Hapo inashirikiana na RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja, ambayo haihitaji ampea nyingi kukata.

Mama Pweza

RCD ninayo, ile yenye kitufe cha T kwenye kiboksi cha ukutani. Kijana alibonyeza jenereta ikiwa inalisha, ikaanguka. Si maana yake nalindwa?

Fundi Koleo

Swali zuri kuliko yote humu, na hapa wanaingia mkenge mpaka mafundi wenye vyeti.

Kitufe cha T kinapitisha mkondo mdogo kutoka laivu kwenda nyutro ndani ya kifaa chenyewe, kwa kukwepa upande mmoja wa kihisi. Hakigusi ethi hata kidogo. Kwa hiyo kitaangusha RCD hata kama nyutro inaelea na nje hakuna ethi ya aina yoyote. Kinakuambia mashine ya ndani inafanya kazi. Hakikuambii kama umeme ukivuja kwa mtu una njia ya kurudi ili RCD iuone. Kwenye jenereta inayoelea njia hiyo haipo, RCD inakaa kama pambo.

Subiri kwanza, umesema ukutani? Jenereta inafikaje kwenye kiboksi cha ukutani ikiwa unatumia ekstensheni?

Mama Pweza

Siku ile tulijaribu. Kijana alitengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, tukachomeka kwenye soketi ya ukutani, duka lote likawaka.

Jirani Mbishi

Hiyo mbona kawaida, unazima meni swichi kwanza. Mimi ndivyo nawasha nyumba nzima.

Nguzo Namba Tisa

Nimekuwa nasoma kimya, hapa imebidi niandike. Mimi napanda nguzo, ndiyo kazi yangu.

Transfoma haijui umeme umetoka upande gani. Ukiilisha volti 230 upande wa nyumbani, upande wa juu inatoa volti 11,000 au 33,000, kutegemea laini ya eneo lako. Jenereta ndogo mara nyingi inazidiwa na mtaa mzima ikazimika yenyewe. Lakini kama fyuzi za transfoma zimefunguliwa, au kipande chako cha laini kimekatika, hakuna mzigo wa kuizima, na aliye juu ya nguzo anajua laini imekufa. Sisi tunapima na kufunga nyaya za ethi kwenye laini kabla ya kugusa, kwa sababu tunajua mpo. Jirani aliyeokota waya ulioanguka barabarani hana kipimo.

"Unazima meni swichi kwanza" ni mpango unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyeamshwa saa nane usiku. Na plagi ile ikichomoka jenereta ikiwa inawaka, umeshika pini tupu zenye volti 230. Mtoto akiiona sakafuni ni hivyohivyo.

Kata waya huo leo. Ukitaka kulisha wayaringi ya ukuta, weka chenji ova, swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta, kamwe si vyote viwili.

Fundi Koleo

Nakazia. Chenji ova ya kukata nyaya mbili, laivu pamoja na nyutro, si ile ya kukata laivu peke yake. Ukiiacha nyutro imeungana na ya TANESCO kisha ukafunga nyutro kwenye fremu ya jenereta, umetengeneza njia mbili za kurudi na RCD itaanza kuanguka ovyo.

Mpangilio uwe hivi: nyutro inafungwa na fremu sehemu moja tu, kwenye jenereta. Kutoka fremu waya mnene wa njano-kijani, usiopungua milimita za mraba 6, unakwenda kwenye ethi ya duka, ile yenye rodi. RCD inakaa baada ya hapo. Kabla ya kufunga nyutro kwenye fremu lazima kupimwe kwanza laivu na fremu pasiwe na mvujo, maana ukiwepo, mara utakapowasha utasikia mlipuko. Mama Pweza ameshapima, OL, vizuri.

Tahadhari kwa wenye jenereta za inveta, zile ndogo za kimya zenye umbo la sanduku: msifunge nyutro kabla ya kusoma kitabu chake. Baadhi zinaungua saketi ya ndani.

Kazi ya chenji ova apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania.

Bint Kilwa

Mafundi umeme mmeteka uzi, swali la pili la mama limeachwa. Mimi ni fundi friji, nitalichukua.

Mama, anza na kVA. Zidisha kwa 0.8 kupata kilowati. 2.5 inakuwa 2.0, yaani wati 2,000. Ile 2.8 isahau, ni pumzi ya dakika chache.

Wati za vifaa usizisome kwenye tangazo. Kama mita yako ya LUKU iko ukutani unapoiona, itumie. Usoni pameandikwa imp/kWh, tuseme 1000. Zima kila kitu, acha kifaa kimoja, hesabu taa nyekundu inawaka mara ngapi kwa dakika. Kwa mita ya 1000, kila mwako wa dakika ni wati 60. Kwa mita ya 1600 ni wati 37.5. Friji uipime kompresa ikiwa inafanya kazi, siyo ikiwa imepumzika.

Kwa makadirio: friza 200, friji ya kioo 350, feni 60, taa sita za wati 9 ni 54, TV 80, king'amuzi 20, chaja 30. Jumla 794. Ungeishia hapo ungesema jenereta ni kubwa mno, na hapa ndipo muuzaji aliishia.

Mota wakati wa kuanza inavuta mara tatu mpaka sita ya kawaida yake, kwa muda mfupi. Kanuni ninayotumia: jumla ya vyote vikiwa vinatembea, halafu ile mota kubwa kuliko zote uihesabu kwa nguvu yake ya kuanzia. Friji ya kioo 350 mara nne ni 1,400. Toa 350 kwenye 794, ongeza 1,400, unapata 1,844. Iko chini ya 2,000, inapita kwa tabu kidogo.

Lakini friza na friji zikianza sekunde moja, ambayo ndiyo hutokea umeme ukirudi ghafla kwenye ekstensheni moja, unafika 2,444. Volti zinaanguka, kompresa inakwama, inavuma, kinga yake inakata kwa mlio wa "tik", inajaribu tena. Ikirudia hivyo usiku kucha waindingi inaungua na mimi napata kazi. Kwa hiyo: washa jenereta ikiwa tupu, iache itulie, chomeka friji, subiri dakika tano, ndipo friza. Hizo dakika tano pia zinaipa gesi muda wa kusawazisha presha.

Pampu sasa. Hp 1 ni wati 746 kwenye shafti, ila inavuta kama 1,100 kwenye waya. Kuanza tu inataka 3,300 au zaidi. Hata ukiiwasha peke yake, jenereta yako haiiwezi. Usiendelee kujaribu, kila ile "vuuu" bila kuzunguka inaipika. Ukitaka jenereta ya kuibeba pamoja na friji, tazama 5 kVA.

Mzee wa Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Ongezeni jambo la mwinuko. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Sisi tuko kama mita 1,850, kwa hiyo ile kilowati 2 ya dada huku ingekuwa 1.6 hivi. Stima zikipotea hapa plot, jenereta iliyofanya kazi vizuri Mombasa kwa shemeji inashindwa na friji ileile. Mbeya na Iringa mko kwenye boti moja na sisi.

Jirani Mbishi

Mkuranga hakuna mlima, mzee.

Mzee wa Nakuru

Uzi unasomwa na wengi, kijana.

Ughaibuni Leo

Nipo Houston. Mawili tu.

Ndugu wanaotaka tuwatumie jenereta kutoka Marekani: zinatoa volti 120 na 240 kwa hezi 60, injini inazunguka 3,600 kwa dakika badala ya 3,000 ya kwenu. Mota ya friji ya hezi 50 itazungushwa kasi kuliko ilivyotengenezwa. Nunueni huko.

La pili ni moshi. Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme Texas, na watu walikufa majumbani kwa gesi ya kaboni monoksidi, wengine kwa jenereta na magari yaliyowashwa ndani ya gereji. Gesi hiyo haina harufu. Huku wanashauri jenereta iwe angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, eksozi ikielekea mbali na madirisha. Mama kasema "nyuma ya duka". Nyuma umbali gani? Na kuna dirisha?

Mama Pweza

Kuna dirisha la stoo, jenereta iko chini yake. Usiku kijana analala humo stoo.

Ughaibuni Leo

Ihamishe leo hii kabla hujanunua huo waya.

Nguzo Namba Tisa

Leo hii. Na ikisogea mbali, ekstensheni isizidi mahitaji. Waya wa 1.5 wa mita 50, mota ikivuta ampea 30 za kuanzia, unapoteza kama volti 36 njiani. Ndiyo maana fundi alisema 2.5. Na usiuache umeviringishwa kwenye roli, unapata moto.

Mama Pweza

Wakuu, mrejesho. Jenereta imehamia chini ya mwembe, hatua kumi na zaidi kutoka dukani, nimeijengea kibanda cha bati kilicho wazi pande zote. Waya wa nyuzi tatu umefungwa. Mpwa amepima kutoka bodi ya friza mpaka fremu ya jenereta, ohm 0.5. Nimegusa mlango kwa nyuma ya kidole, nimevaa kandambili kama mlivyosema, kimya. Nikavua, kimya.

Mita yangu ni ya 1000. Friji ya kioo imewaka mara sita kwa dakika, friza mara tatu mpaka nne. Bint Kilwa umekisia kama unaliona duka.

Waya wa plagi mbili umekatwa. Chenji ova nitaweka nikipata hela. Pampu nimeiacha kabisa, nimenunua simtanki la lita 1,000 najaza umeme ukiwepo. Swali la mwisho: kuna mtu anauza kifaa anasema kikifungwa kwenye pampu, itaanza polepole na jenereta yangu itaibeba. Ni kweli?

Fundi Koleo

Vipo vya kweli, ila pampu nyingi za hp 1 za fezi moja zina kapasita ya kuanzishia na hazipatani na kila kifaa cha aina hiyo. Mota inabaki inajikokota, inachemka taratibu badala ya kuchemka ghafla. Mwambie aje akifunge kwanza, aiwashe kwa jenereta yako kisima kikiwa na maji, ndipo umlipe. Akikataa, hela hiyo ipeleke kwenye chenji ova.